Kipande cha Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na karibu kila darasa lilikuwa na mwanafunzi mmoja mkaidi wa kuuliza, "Je, Mwalimu, na kitabu cha kuazima nacho hakisomeki?" Swali lake ni la haki. Viko vitu vya kuazima vinavyositiri vizuri sana, ilimradi mwenye kuazima ajue vilishonwa kwa kipimo cha nani. Katika kurasa hizi nataka kusimulia habari za watu ambao kazi yao yote imejengwa juu ya kuazimana, tena kuazimana vitu visivyoshikika kwa mkono. Hao ni watunga programu za kompyuta.

Msomaji asidhani ninajitia ufundi nisio nao. Mimi ni wa kizazi cha chaki na ubao. Hapa kwetu Tanzania serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, wakati ambapo mimi nilikuwa mwalimu kijana, na mashine hizo nilizigusa kwa mara ya kwanza nikiwa tayari nina mvi. Lakini baada ya kustaafu, mkufunzi mmoja wa somo la TEHAMA aliniomba nimsahihishie Kiswahili cha kitini alichowaandalia wanachuo wake. Kitini kile kilijaa vipande vifupi vya programu: hiki cha kupanga majina kwa alfabeti, hiki cha kutafuta wastani wa alama, hiki cha kukagua kama tarehe imeandikwa sawasawa. Chini ya kila kipande palikuwa na ushauri: vipe vitu majina yanayoeleweka, usirudie jambo moja mara mbili, andika maelezo, jaribu kabla ya kutumia. Nilimwuliza, "Mwanangu, ushauri huu ulitoka wapi?" Akajibu kwamba ndivyo inavyofanywa. Jibu hilo halikunitosha, kwa sababu hakuna desturi isiyo na asili, na mara nyingi asili yake ni maumivu ya mtu fulani. Ndipo nikaanza kusoma.

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949, katika Maabara ya Hisabati ya chuo kikuu cha hapo, mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza, nayo ilikuwa kuchapa jedwali la vipeo vya pili. Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Maurice Wilkes. Mashine ilijaa chumba kizima, ikiwa na valvu zipatazo 3,000, zile taa za kioo zilizokuwamo ndani ya redio za wazee wetu. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija mirefu iliyojaa zebaki, ambamo namba zilisafiri kama mawimbi ya sauti kutoka upande mmoja hadi wa pili, zikapokewa na kurushwa tena mwanzo, bila kukoma. Kumbukumbu hiyo mwanzoni ilikuwa na nafasi 512 tu, na amri zote za programu pamoja na namba zote za hesabu zilipaswa kuenea humo. Simu ya mkononi iliyo rahisi kuliko zote sokoni leo ingeicheka.

Programu iliandikwa kwa kutoboa matundu kwenye tepu ya karatasi. Mtu aliyetaka kukokotoa, tuseme, njia ya sayari, alitoboa amri moja baada ya nyingine, akaingiza tepu, akasubiri. Mara nyingi alichokipata hakikuwa jibu. Wilkes mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1985, jinsi alivyokuwa akipanda ngazi siku moja ya mwaka 1949 kati ya chumba cha mashine na vifaa vya kutobolea tepu, akatambua ghafla kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki ataitumia kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe. Hakuwa anatia chumvi. Tepu ya programu yake moja ya siku zile ilisalia na baadaye ikachunguzwa na wanahistoria. Ilikuwa na mistari 126, na ndani yake mlikutwa makosa kama 20. Huyu alikuwa mmoja wa wanahisabati hodari wa nchi yake. Ninapowasikia wazazi wakimlaumu mtoto kwa kukosea hesabu nne kati ya kumi, huwa nawaza tepu ile.

Basi walifanyaje? Waliona kwamba kila mtu anatunga upya mambo yaleyale. Huyu anahitaji sini ya pembe, yule naye anahitaji sini ya pembe. Huyu anachapa namba kwa safu, na yule vilevile. Kila mmoja anakosea kwa namna yake. Kwa nini kipande kilichokwisha kutungwa vizuri na kupimwa kisihifadhiwe, ili wote wakitumie? Kipande cha namna hiyo waliita subrutini, na kazi ya kukusanya na kutunza subrutini iliangukia zaidi kwa kijana mmoja mwanafunzi wa utafiti, David Wheeler.

Kulikuwa na kizingiti kimoja ambacho utatuzi wake ulinifurahisha sana. Ukituma mashine iende kwenye kipande cha sini, itajuaje pa kurudi ikimaliza? Kipande hakijui kimeitwa na nani, maana leo kinaitwa kutoka nafasi ya 60, kesho kutoka nafasi ya 200. Wheeler akabuni hivi: programu kuu, kabla ya kuruka, inabeba anwani ya mahali ilipo, kipande, kabla ya kuanza kazi, kinaichukua anwani hiyo na kujitengenezea amri ya mwisho ya kurudia. Ni kama fundi anayeitwa nyumba kwa nyumba, ambaye kabla ya kufungua mkoba anaandika kwenye kiganja chake jina la mtaa alikotoka. Mruko huo mpaka leo unatajwa kwa jina lake.

Subrutini zilitobolewa kwenye tepu, kila moja tepu yake, zikatunzwa ndani ya kabati la chuma. Mtu akihitaji kipande, haruhusiwi kukinakili kwa macho na mkono; tepu iliingizwa kwenye mashine ya kunakili, ikatoa nakala tundu kwa tundu. Zilipangwa kwa herufi: D kwa kugawanya, L kwa logi, T kwa trigonometria, P kwa kuchapa majibu. Ilikuwako pia herufi C, na vipande vyake havikukokotoa chochote. Kazi yao ilikuwa kuichunguza programu ya mtu inapokwenda, ili ionekane inapopotea. Kwamba walitenga rafu nzima kwa ajili ya kutafuta makosa, tangu mwanzo kabisa, ni jambo la kuwasifu. Mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na mwenzao Stanley Gill walitoa kitabu kuhusu utungaji wa programu, ambacho ndicho cha kwanza cha aina yake duniani kuchapwa na kuuzwa, na humo waliorodhesha subrutini 87.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa habari ulipo. Kila kipande kilikuwa na maelezo yake. Maelezo yalisema kipande kinafanya nini, kinachukua nafasi ngapi katika kumbukumbu, kinatumia muda gani, kinahitaji nafasi zipi za kufanyia kazi. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka vitabu vya majedwali ya tarakimu nne tulivyotumia sekondari. Logi zilikuwa zimekokotolewa na watu tusiowajua, nasi tulizitumia bila wasiwasi, kwa kuwa tulifundishwa kwanza namna ya kulisoma jedwali na kikomo cha usahihi wake. Aliyesoma jedwali la tarakimu nne na kutoa jibu la tarakimu saba alikosa alama, na alistahili.

Mwaka 1952 Wheeler alitoa mada fupi sana, kurasa mbili tu, katika mkutano wa chama cha wanakompyuta uliofanyika Pittsburgh, Marekani. Alisema kwamba maktaba ya subrutini ina mahitaji makuu matatu: iwe rahisi kutumia, vipande vyake viwe sahihi, na maelezo yake yawe ya kweli. Ugumu wote uzikwe ndani usikoonekana. Kisha akaongeza jambo ambalo mwalimu yeyote angelipigia mstari kwa wino mwekundu. Alisema kwamba hata baada ya kipande kutungwa na kupimwa, bado imebaki kazi ya kuandika maelezo yake ili mtu asiyejua kilivyotungwa aweze kukitumia, na kwamba kazi hiyo huenda ndiyo ngumu kuliko zote. Wheeler wakati huo alikuwa kijana wa miaka 25. Walimu wengi hulifahamu jambo hilo wakikaribia kustaafu.

Katika mkutano mwingine, uliofanyika Cambridge kwenyewe mwezi Juni 1949 wakati EDSAC ilipokuwa ikionyeshwa kwa wageni, alizungumza Alan Turing, ambaye wengi wanamjua kwa kazi ya kuvunja lugha za siri za Wajerumani wakati wa vita. Mada yake ilihusu namna ya kuhakikisha kwamba programu ndefu ni sahihi, na mfano alioutoa ni wa shule ya msingi. Chukua hesabu ya kujumlisha namba nyingi zilizopangwa wima. Mtu akiandika jumla peke yake, anayesahihisha hana budi kuifanya hesabu yote upya. Lakini akiandika pia zile namba za kubeba, ndogondogo, kila mahali pake, anayesahihisha anaweza kukagua kila safu peke yake. Kwa hiyo, alisema Turing, mtunga programu naye aweke hapa na pale ndani ya kazi yake kauli za wazi: tukifika hapa, namba hii lazima iwe kadha. Kila kauli ikaguliwe peke yake, na zote zikiwa kweli, programu nzima ni kweli. Mimi nimewagombeza watoto wasiohesabika kwa kufuta namba za kubeba ili daftari lionekane safi. Sikujua kwamba nina mtetezi mkubwa kiasi hicho.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, mambo yalikwenda kwa njia ya madaftari. Grace Hopper, mwalimu wa hisabati aliyejiunga na jeshi la majini, alitumwa mwaka 1944 kwenda Harvard kufanya kazi kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Yeye na wenzake walikuwa na madaftari ya kuandikia vipande vilivyofanya kazi vizuri. Akihitaji kipande, anaazima daftari la mwenzake na kunakili. Hapo ndipo balaa ilipoingia. Baadaye Hopper alieleza kwa kicheko jinsi tarakimu 4 ilivyogeuka alama nyingine njiani, na herufi B ikasomeka 13. Aidha, kila kipande kilipohamishwa, anwani zake zote zilipaswa kuongezwa namba fulani, na watu walikosea kuongeza. Maoni yake kuhusu watunga programu yalikuwa mawili: hawawezi kunakili, na hawawezi kujumlisha. Lakini mashine iliundwa kwa ajili ya mambo hayohayo mawili! Basi kufikia mwaka 1952 alikuwa ametunga programu, A-0, ambayo iliitwa kwa orodha ya vipande vinavyotakiwa, nayo ikavichukua, ikavinakili, ikavipanga na kurekebisha anwani. Ni mwanzo wa njia ambayo imewafikisha vijana wa leo mahali pa kuandika maneno yanayofanana na lugha ya watu.

Kwa hiyo tatizo la mkono unaotetemeka lilikwisha kupatiwa dawa mapema. Tepu inanakili tundu kwa tundu, programu inanakili bila kusahau. Lakini liko kosa jingine ambalo nakala safi hailizuii, bali hulisafirisha. Nililiona katika kazi yangu kabla sijalisoma vitabuni. Wanachuo wetu walipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wengi walibeba maandalio ya somo ya waliowatangulia. Sikuona ubaya, andalio zuri ni mali. Lakini nilipokagua, nilikuta kijana ameandika kwa hati nzuri kwamba wanafunzi watakaa katika makundi manane ya watu watano watano na kila kundi litapewa rula, kumbe darasa lake lina watoto 92 na rula moja ya ubao. Andalio lilikuwa sahihi lilikotoka. Aliyelitunga alijua ana watoto 40, na kwa kuwa alijua, hakuona haja ya kueleza kwamba makundi yale yalitokana na idadi ile. Hati ilisafiri, sababu ikabaki nyumbani.

Sasa msomaji aniruhusu nimhamishe kutoka darasani hadi Kourou, huko Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini, asubuhi ya tarehe 4 Juni 1996. Hapo ndipo nchi za Ulaya hurushia roketi zao. Roketi mpya iliyoitwa Ariane 5 ilikuwa inaruka kwa mara ya kwanza, imebeba setilaiti nne za utafiti. Sekunde kama 37 tangu injini kuu ianze kuwaka, ilipinda ghafla kutoka njia yake, ikaanza kukatika, ikajilipua.

Iliundwa tume chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, nayo ikatoa ripoti mwezi uliofuata. Nilipoisoma niliona kama ninasoma ripoti ya ukaguzi wa shule, kwa namna ilivyofuata jambo hatua kwa hatua. Kifaa kinachoijulisha roketi mahali ilipo na mwelekeo wake kilikuwa na programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyotangulia, ambako ilifanya kazi bila lawama. Ndani yake mlikuwa na kipande kinachochukua namba moja yenye desimali, iliyohifadhiwa kwa biti 64, na kuigeuza kuwa namba kamili ya biti 16. Namba kamili ya biti 16 haiwezi kuzidi 32,767. Ikizidi, haina pa kukaa. Namba yenyewe ilihusiana na mwendo wa roketi kwa upande, yaani sambamba na ardhi, na Ariane 5 hujipatia mwendo huo kwa haraka mara tano kuliko Ariane 4. Namba ikazidi. Kifaa kikajizima. Kifaa cha akiba, kilichowekwa ili mwenzake akifa kishike kazi, kilikuwa na programu ileile, na kilikuwa kimekwisha kujizima chembe ya sekunde kabla yake kwa sababu ileile. Kilichotumwa kwa kompyuta kuu baada ya hapo kilikuwa taarifa ya hitilafu, nayo kompyuta ikaisoma kama habari za safari, ikaamuru injini zigeuke.

Hayo peke yake yanatosha kumhuzunisha mtu. Lakini ripoti iliendelea. Zilikuwapo namba saba za aina ile zilizoweza kufurika. Wahandisi wa Ariane 4 walizijua. Nne waliziwekea ulinzi, tatu wakaziacha kwa makusudi, kwa kuwa walikwisha kupiga hesabu na kuona kwamba katika roketi ile haziwezi kufika kikomo, na ulinzi wa ziada ungeilemea kompyuta ambayo waliitaka isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili, uliokubaliwa na wahusika wote. Isipokuwa, ndani ya programu yenyewe, pale kwenye mistari ile, tume haikukuta maelezo ya sababu ya uamuzi huo. Sababu ilizama katika wingi wa makaratasi mengine. Na kuna moja la kuongezea uchungu: sehemu ile ya programu, baada ya roketi kuondoka ardhini, haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5. Iliendelea kuzunguka kwa sababu katika roketi za zamani kulikuwa na faida ya kuiacha iendelee kwa muda mfupi, ili kuhesabu kukisimamishwa dakika za mwisho kuweze kuanzishwa tena bila kuchelewa.

Sijapata mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini kile kitini kilisema "andika maelezo". Vijana wengi hufikiri maelezo ni kutafsiri mstari: hapa tunajumlisha moja, hapa tunachapa jibu. Hayo mtu anayaona mwenyewe. Yanayotakiwa ni yale yasiyoonekana: kwamba namba hii tumeiachia wazi kwa sababu roketi yetu haiendi kasi hiyo. Sentensi moja ya maneno kumi na matano, mahali pake, ingemfanya mtu fulani mwaka 1995 asimame na kuuliza, "Na hii yetu mpya inakwenda kasi gani?"

Kati ya Wheeler na Kourou palipita watu wengi waliohangaikia adabu ya kazi hii, nami siwezi kuwataja wote. Edsger Dijkstra wa Uholanzi aliandika barua mwezi Machi 1968 dhidi ya amri ya kuruka kiholela kutoka mahali hadi mahali ndani ya programu, kwa kuwa msomaji hawezi tena kufuata njia. Barua hiyo ilizua mabishano ya miaka. Ninaowapenda zaidi ni Brian Kernighan na P. J. Plauger, waliotoa mwaka 1974 kitabu kuhusu mtindo mzuri wa kutunga programu. Mifano yao ya makosa hawakuibuni. Waliichukua kutoka vitabu vya kiada vilivyokuwa vinatumika vyuoni, wakaonyesha kwamba vipande walivyopewa wanafunzi kuvinakili vilikuwa vibovu, kisha wakaviandika upya mmoja mmoja mbele ya macho ya msomaji. Ujasiri huo unahitajika katika masomo yote.

Wala kitabu kizuri si kinga. Chukua njia ya kutafuta jina katika orodha iliyopangwa. Unafungua katikati, kama unavyofungua kamusi. Ukiona umepita, unarudi nusu ya kushoto, ukiona hujafika, unakwenda nusu ya kulia, na nusu hiyo nayo unaigawa. Ni wazo ambalo mtoto wa darasa la nne analielewa. Hata hivyo, Donald Knuth ameonyesha kwamba njia hiyo ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1946, na namna yake ya kwanza inayofaa kwa orodha za ukubwa wowote ilichapishwa mwaka 1960. Jon Bentley aliwapa watunga programu wazoefu kazi ya kuitunga, na wengi mno wakakosea. Yeye mwenyewe aliitunga kwa uangalifu, akaithibitisha, akaiweka kitabuni mwaka 1986.

Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyewahi kukaa darasani kwa Bentley, alitangaza kwamba kipande kama hicho alichokitunga yeye kwa ajili ya lugha ya Java kilikuwa na kosa lililojificha kwa karibu miaka 9, na kwamba kosa lilelile limo katika kitabu cha mwalimu wake. Lilikuwa wapi? Katika kutafuta katikati. Ili kupata katikati ya mwanzo na mwisho, sote tungejumlisha viwili hivyo na kugawa kwa mbili. Lakini namba za mashine zile hukomea 2,147,483,647. Orodha ikiwa kubwa sana, mwanzo ni bilioni moja na nusu na mwisho ni bilioni mbili, jumla yake inafurika na kugeuka hasi. Dawa ni kuanza na mwanzo, kisha kuongeza nusu ya tofauti kati ya mwisho na mwanzo. Kwa aljebra ya darasani ni kitu kimoja. Kwa mashine ni vitu viwili. Mwaka 1986 orodha za ukubwa huo hazikuwako, kwa hiyo kosa halikuwa na pa kujitokeza. Nguo haikubadilika, aliyeivaa ndiye aliyenenepa. Nampa heshima Bloch kwa kulitangaza kosa lake na la mwalimu wake kwa sauti ileile moja.

Siku hizi hakuna kabati la chuma. Vipande viko kwenye hazina za intaneti kwa mamilioni, na programu moja hukokota nyingine, nayo hukokota nyingine, mpaka mwenye nyumba hajui amelaza wageni wangapi. Tarehe 22 Machi 2016 kipande kimoja cha mistari 11, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi ili yawe marefu ya kutosha, kiliondolewa na mwenyewe katika hazina iitwayo npm baada ya ugomvi wa jina la kitu kingine. Kazi za watu wengi duniani zikagoma kujengeka hadi kiliporudishwa saa chache baadaye. Mistari 11! Wheeler asingekipa hata tepu yake. Na sasa zipo mashine zinazotunga vipande zenyewe mtu akiziomba, wala haziombi kabati. Yule mkufunzi aliniambia wanachuo wake wanazitumia, na vipande vingi vinafanya kazi. Nilimwuliza kama vinakuja na kauli za Turing. Alifikiri, akasema huja navyo ukizidai. Basi wafundishe kudai, nikamwambia, maana hilo ni somo la ualimu na sisi tunaliweza. Katika toleo la pili la kitini chake, juu ya kila kipande kuna mistari mitatu: kimetoka wapi, kinakubali nini, na kinakomea wapi. Kile cha tarehe kina mstari unaosema hakikubali mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili. Kile cha wastani kinasema kitafanya nini darasa likiwa halina mwanafunzi hata mmoja, jambo ambalo mimi kwa miaka yote ya ukuu wa shule sikuwahi kulifikiria.

EDSAC yenyewe ilizimwa mwezi Julai 1958 ikavunjwavunjwa. Wheeler alifariki mwaka 2004, Wilkes mwaka 2010. Watu wa jumba la makumbusho ya kompyuta huko Bletchley Park walipoanza kuijenga upya walikuta michoro mingi ya umeme imepotea, wakalazimika kukisia kutoka kwenye picha za zamani, mpaka baadhi ya michoro ilipojitokeza mwaka 2014. Subrutini hazikuhitaji kukisiwa. Zimo katika kitabu cha 1951 pamoja na maelezo yake, nafasi ngapi, muda gani, na iko programu ya kuigiza EDSAC ndani ya kompyuta ya kawaida, ambamo mtu anaweza leo kukaa, akachukua kipande kutoka rafu ya herufi T, akakipa pembe, na kukisubiri kirudi na jibu.